Nilivyoifuatilia Yukikaze kwa daftari la karani

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa ukarani wa bandarini. Meli imetoka wapi, imefunga gati lini, imeshusha nini, imeondoka na nini. Ndiyo maana nikisimuliwa habari za meli bila tarehe siridhiki. Na sijui meli iliyosimuliwa ovyo kuliko Yukikaze, destroya ya Kijapani. Kila anayeitaja husema ilikuwa "meli ya bahati", basi, hadithi imekwisha. Mimi nikataka kujua ilikuwa wapi siku gani, nikaamua kuandika mwenyewe utumishi wake wote, tangu kuundwa hadi kukatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Kazi hiyo imenichukua zaidi ya mwaka.

Kwa asiyezizoea, destroya ni manowari nyembamba yenye mbio: husindikiza meli kubwa, huwinda nyambizi, hurusha topido, yaani bomu linalojiendesha lenyewe majini. Yukikaze iliundwa Sasebo. Mkuku uliwekwa tarehe 2 Agosti 1938, ikashushwa majini 24 Machi 1939, ikaingia kazini 20 Januari 1940. Urefu mita 118.5, mwendo nodi 35, mizinga 6, mirija ya topido 8. Za aina yake ziliundwa 19. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha ilikuwa imebaki hiyo moja.

Kikwazo changu cha kwanza kilikuwa lugha. Wajapani wameweka nyaraka nyingi za jeshi lao la majini kwenye intaneti, bure kabisa, picha za kurasa zenyewe, lakini nyingi zimeandikwa kwa mkono. Sijui Kijapani. Nikajifunza kutambua herufi mbili tu, za jina lake. Ya kwanza ni theluji: juu ina alama ya mvua yenye vitone vinne, chini yake kitu kama kichana. Ya pili ni upepo. Upepo wa theluji. Nilizichora kwenye kipande cha kadibodi nikakiegemeza kando ya kompyuta, jioni napitisha macho ukurasa baada ya ukurasa mpaka nizione. Nikizipata nanakili tarehe na namba zilizo karibu, yaliyobaki natafsiri polepole kwa programu ya simu, halafu nalinganisha na maandishi ya Wamarekani.

Hapo ndipo nilipokwama miezi miwili. Tarehe zilikataa kukubaliana. Pigano la usiku karibu na Guadalcanal, kimoja cha visiwa vya Solomon katika Pasifiki, Novemba 1942, Wamarekani wanaliandika tarehe 13, saa saba na dakika 48 usiku. Upande wa Wajapani nakuta tarehe 12. Nilidhani ni mapigano mawili, nikayaandika mistari miwili, kisha nikaona meli zilizozama ni zilezile. Kumbe manowari za Kijapani zilishika saa ya Tokyo popote zilipokwenda, na visiwa vya Solomon viko mbele ya Tokyo kwa saa mbili. Saa saba na dakika 48 za kule ni saa tano na dakika 48 za Tokyo, usiku wa kuamkia tarehe 13. Sisi tuliokua tukisoma saa za Kiswahili kwenye mishale ya Kizungu tusingepaswa kuteseka hivyo! Nikafuta, nikachora safu mbili za saa, na tangu siku hiyo daftari likatulia.

Safu iliyonifunza mengi kuliko zote ni ile ya ukarani: imebeba nini. Niliiweka kwa mazoea tu, nikitarajia kuandika risasi na mafuta. Lakini ikawa inajaa watu. Mwisho wa Februari 1943, msafara wa meli 8 za uchukuzi na destroya 8 ulitoka Rabaul, kituo kikuu cha Wajapani upande ule, kupeleka askari Lae, pwani ya Guinea Mpya. Meli moja ya uchukuzi ilizamishwa tarehe 2 Machi. Yukikaze na mwenzake Asagumo wakaokota mamia ya watu majini, wakawakimbiza Lae usiku huohuo, wakawashusha, na alfajiri wakarudi kwenye msafara uleule uliokuwa ukiwindwa. Siku hiyo, tarehe 3, ndege zilizimaliza meli zote za uchukuzi zilizobaki pamoja na destroya 4. Yukikaze ikaanza tena kuokota watu.

Tarehe 7 Aprili 1945 ina ukurasa wake peke yake. Manowari kubwa Yamato ilitoka kwenda kisiwa cha Okinawa na meli 9: kruza Yahagi na destroya 8. Zilirudi destroya 4. Nahodha wa Yukikaze, Terauchi Masamichi, inasimuliwa kwamba alipokuwa akishambuliwa na ndege alitoa kichwa kwenye tundu la paa la chumba cha kuongozea meli, akatazama mabomu yanavyoanguka, na kwa mguu akampiga afisa aliye chini yake begani: bega la kulia, meli kulia. Kwangu mimi huo ni ustadi, na anayeuita bahati anawapunja mabaharia wale. Lakini siku hiyohiyo kombora lilitoboa ghala lao la chakula likakataa kulipuka. Hilo sina jina jingine la kuliita. Jioni Yukikaze iliwapakia watu wa Isokaze, destroya ya aina yake iliyokuwa haiwezi tena kwenda, kisha ikaizamisha kwa mizinga. Mstari huo niliuandika mara tatu ndipo mkono ukatulia.

Baada ya vita ilivuliwa silaha, ikajengewa vibanda juu ya sitaha, na hadi mwisho wa 1946 ikawarudisha Wajapani nyumbani kutoka ng'ambo, zaidi ya 13,000. Mmoja wao, aliyechukuliwa Rabaul, alikuwa askari aliyepoteza mkono wa kushoto, Shigeru Mizuki, baadaye mchoraji mashuhuri wa hadithi za picha. Tarehe 6 Julai 1947 ilikabidhiwa kwa Wachina huko Shanghai, ikaitwa Tan Yang, ikatumika Taiwan miaka mingi mpaka ikavunjwa. Nanga na usukani wake vilirudishwa Japani 1971, viko Etajima.

Daftari limefungwa kwa mstari huo. Sasa nimeanza la pili, la Hatsushimo, mmoja wa wale 4 waliorudi siku ya Yamato. Tarehe 30 Julai 1945 ilikuwa ghuba ya Miyazu pamoja na Yukikaze, ikakanyaga bomu la majini, ikapotea zikiwa zimebaki wiki mbili vita viishe.