Filta ya Japani

Mwaka 2015 tulikuwa tumepanga Tabata, nyumba ya familia nne na geti moja, na pale uani lilikuwa linalala gari langu, Toyota IST ya mwaka 2004 iliyotumika Japani, niliyoitoa bandarini miaka miwili nyuma. Aliyewahi kumiliki IST Dar anajua taabu yake: unatoka dukani, unahangaika na ufunguo mlangoni, kumbe gari ni la mwenzio, lako liko mbele, rangi ileile.

Kila kilomita 5,000 nilikuwa nalipeleka kwa fundi wangu kumwaga oili. Gereji yake ilikuwa chini ya mwarobaini, na bei yake ya jumla: oili, filta, ufundi, humohumo. Mimi nakaa kwa mama ntilie pembeni, na chapati ya pili ikiisha gari liko tayari. Sikuwahi kuinama kuangalia. Unaangalia nini, na hujui unachokiangalia?

Sasa mwezi ule ada ya mtoto iliingiliana na kodi ya nyumba, nikaanza kuipigia hesabu hata ile hela ya ufundi. Nikamwambia mke wangu kazi yenyewe ni boli moja na filta moja, naiweza. Hakubisha. Aliniuliza tu nitakinga oili kwa karai lipi. Nikasema nitanunua lingine.

Ijumaa jioni nikapita Gerezani, kwenye maduka ya vipuri. Muuzaji akaniuliza gari lina umri gani, nikamwambia miaka kumi na moja, akalirudisha galoni la 5W-30, oili nyepesi, kabatini kama daktari anayemnyima mgonjwa wa presha chumvi. Akanishushia 20W-50, ile nzito. Kwa joto hili la Dar, akasema, oili nyepesi inakuwa maji. Mabishano haya ni kama ya Simba na Yanga, hayana mwisho, na kila mtu anayo injini ya shemeji yake ya kutolea ushahidi. Mimi nilikuwa nimeshasoma kwamba injini za aina ile zilitengenezewa oili nyepesi, inayowahi kupanda juu asubuhi unapowasha, nikang'ang'ania 5W-30. Galoni la lita 4, maana injini ile inakunywa lita 3.7 ukibadilisha na filta. Filta shilingi 7,000. Na ringi spana namba 14, kwa sababu fundi hakuwahi kuniazima chochote.

Jumamosi asubuhi nikaliwasha dakika tano ili oili ipate moto ishuke vizuri, nikalizima, nikapiga jeki. Barazani alikuwa amekaa jirani yetu, mzee mstaafu aliyeendesha malori ya Tunduma hadi Lusaka miaka mingi, redio mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hilo tofali la nini?"

Nikamwambia la kuegeshea gari, ili nisilitegemee jeki peke yake. Akazima redio. Kwa mzee yule kuzima redio lilikuwa jambo kubwa. Akaja, akalisukuma tofali kwa mguu, akafungua buti mwenyewe, akatoa tairi ya akiba na kuilaza chini ya chesisi. Akaweka na jiwe nyuma ya kila tairi la nyuma. "Tofali hupasuka bila kukuaga," akasema. "Na jeki ni ya kupandishia gari, si ya kulala chini yake." Akarudi barazani, akawasha redio.

Chini ya gari nilikuta dunia nyingine. Boli ya kumwagia oili niliiona mara moja, ila ukiwa umelala chali, kulia na kushoto vinabadilishana nyumba. Nilikaza kwanza. Nikakaza tena kwa nguvu zaidi, nikidhani imeng'ang'ania, mpaka sauti ikatoka barazani: "Unafunga!" Nilipogeuza upande wa pili ikalegea, nikamalizia kwa vidole, na hapo oili ikanijia mkononi ya moto, nyeusi kama lami. Boli ikatumbukia kwenye karai. Nikaiacha huko.

Watoto wa nyumba nzima walikuwa wameshachuchumaa mstari mmoja, kama wanaangalia mechi.

Filta ndiyo iliyokuwa na kiburi. Nilijaribu kwa mkono ikateleza. Nikaijaribu kwa kitambaa, hola. Nikachukua bisibisi niitoboe ubavuni niigeuze kwa nguvu, kama nilivyoona mafundi wakifanya, na nikafaulu kuitoboa tu. Oili ikanichuruzikia kwapani. Mzee akamtuma mtoto mmoja aniletee kipande cha msasa, nikaizungushia filta upande wenye makwaruzo ukiwa ndani, nikaikamata. Ikalia kidogo, ikaachia.

Nikatoka nayo juani. Na hapo ndipo siku ilipogeuka.

Filta ilikuwa imeandikwa Kijapani. Si jina la kampuni tu, maana hata za feki zina majina ya Kijapani, bali kwa kalamu nyeupe, kwa mkono wa mtu: namba 61,340. Namba ile nilikuwa naijua. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kulikuwa na stika ndogo ya gereji ya hukohuko Japani, ambayo sikuwahi kuibandua kwa sababu niliiona kama hirizi. Ilikuwa na 61,340, kilomita za siku walipobadilisha oili, na chini yake 24.8. Ile 24 ilinisumbua sana zamani, mpaka nilipoelezwa kwamba Wajapani huhesabu pia miaka ya mfalme wao, na mwaka wa 24 wa enzi ile ya Heisei ni 2012. Agosti 2012, basi. Dashibodi yangu Jumamosi hiyo ilisoma kilomita 88,000 na ushee.

Filta ilikuwa haijawahi kutolewa tangu Japani. Mimi nilikuwa nimelipia filta tano.

Nilipandwa na hasira ya namna ambayo hata oili iliyobaki kwapani sikuisikia tena. Nilimwonesha mzee. Akaipindua, akaipindua tena, akasema "Mh." Nikarudi chini ya gari nikiwa naongea peke yangu. Boli nikaifuta nikaifunga. Filta mpya nikaipaka oili kwenye mpira wake kwa kidole, hilo nililikumbuka, nikaifunga kwa mkono mpaka mpira ukagusa, nikaongeza robo tatu ya mzunguko. Mahali inapokaa sikupaangalia. Kichwani nilikuwa chini ya mwarobaini, namshika mtu ukosi.

Nikakata chupa ya maji nikaifanya faneli, nikamimina oili, nikapima, ikafika alama ya juu. Nikashusha jeki, nikawasha gari. Kile kibuli chekundu kwenye dashibodi, taa ya oili, kikawaka, kikazima. Nikatabasamu kwenye kioo.

"Anko, gari linakojoa!"

Watoto wa pale walikuwa na utani mwingi, nikawapungia mkono. Nikasikia "Anko linakojoa kweli!" na vicheko. Kibuli kikawaka tena. Nami nikakitazama tu, kama mtu anayesubiri kieleze shida yake. Kilichonigutusha ni sauti ya mzee, ile ya kuita utingo kilomita nzima: "ZIMA!"

Nilipozima, oili ilikuwa imeshapita chini ya tairi inaelekea kwenye kamba za nguo. Nilipima: kijiti kilitoka kikavu mpaka ncha. Zaidi ya lita mbili zilikuwa zimelala kwenye pevingi za mama mwenye nyumba, oili ya rangi ya asali, haijatumika hata dakika moja.

Mzee hakukaa barazani tena. Alisimamia gari likipandishwa upya, akaniambia nifungue filta mpya niangalie kulikokaa ile ya zamani. Nilipapasa. Mpira wa filta ya Japani ulikuwa umebaki kwenye injini, umekauka, umegandia kwa joto la kilomita elfu ishirini na saba, na mimi nilikuwa nimefungia mpya juu yake. Mpira juu ya mpira haushiki. Presha ikija, wa juu unachomoka. Niliubandua kwa kucha. Ulikatika vipande kama maganda ya korosho.

Lita za kujazia nilinunua mojamoja kituo cha mafuta, kwa bei inayouma. Maranda tukachukua kwa seremala jirani, tukayamwaga juu ya oili, tukafagia, tukasugua na sabuni ya unga mpaka adhuhuri. Mama mwenye nyumba aliporudi kutoka kwenye kikoba chake alisimama getini, akaangalia doa, akaangalia karai, akaingia ndani bila kunisalimia. Kwa mwanamke wa Kipwani hayo ni matusi ya kutosha. Oili chafu aliomba mzee, akapakaa nguzo za banda lake la kuku, maana mchwa walikuwa wameshalianza.

Jumatatu nikaenda gereji na filta ndani ya mfuko wa Rambo. Nikaiweka juu ya boneti ya gari alilokuwa akilitengeneza, upande wa ile namba nyeupe ukimtazama. Nilikuwa nimepanga maneno yangu usiku kucha. Fundi akafuta mikono, akaichukua, akaipima uzito, akaipigapiga kwa kucha kama mtu anayechagua tikiti.

"Bosi," akasema taratibu, "hii ni orijino ya Japani. Sasa mimi nitoe orijino nikuwekee hizi feki za Kariakoo? Ningekuwa fundi gani?"

"Na hela ya filta tano?"

Akaiangalia tena ile filta, akaona tundu la bisibisi ubavuni. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Nani ameitoboa hivi?"