Stringi za Java zimenikalisha macho
Tangu juzi nilikuwa naandika programu kwa lugha ya Java, naunganisha namba za simu 200,000 ziwe maandishi mamoja marefu, kila namba naibandika mwishoni kwa alama ya +=. Programu ikawa inajikokota tu. Kumbe stringi (yaani maandishi ndani ya programu) ya Java haibadiliki ikishaumbwa: kila ukiongeza kipande, inanakiliwa yote upya!

Nikahamia StringBuilder, zana ya Java ya kujenga maandishi yanayobadilika, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004. append() inabandika mwishoni, insert() inachomeka popote unapotaka. Namba inayoanza na 0712 naiondolea sifuri kwa deleteCharAt(0), kisha insert(0, "+255"), inatoka +255712. Ila kuchomeka mwanzoni kunasukuma herufi zote zilizo mbele, kwa hiyo nafanya kwenye namba moja moja, si kwenye furushi zima. Sasa inamaliza kabla sijanyanyua kikombe cha chai. Nimefurahi mno, jamani.