Daraja la mbao, mpira wa maji na yule mtaalamu wa dakika ishirini

Nianze na yule mtaalamu wa kwanza tuliyemwita atazame daraja letu la mbao lililochoka, maana hasira yake bado sijaimaliza. Alikuja, akasimama dakika ishirini mikono mfukoni, akapiga picha, akasema tupitishe mihimili miwili ya chuma chini ya daraja kisha tulisahau. Bili yake ilifika kabla ya ripoti.

Mimi ni fundi makabati, mzaliwa wa Pangani, naishi kijiji kimoja cha Vermont, Marekani. Jimbo hili lina madaraja ya mbao yenye paa na kuta yapatayo mia moja, na moja ni letu, la karne ya 19, urefu wake futi mia na kumi hivi. Nikituma picha nyumbani huulizwa kwa nini Wamarekani wamelijengea daraja nyumba. Paa lile halikuwekwa kwa ajili ya wapita njia, limewekwa kwa ajili ya kenchi, yaani zile fremu za mbao za pembeni zinazolibeba daraja. Kenchi ya mbao ikiachwa inyeshewe, miaka michache tu imeoza. Ikifunikwa inazika vizazi. Lile la Cornish-Windsor, linalovuka mto Connecticut kwenda jimbo jirani la New Hampshire, ni la 1866, lina futi 450 hivi, na magari yanapita hadi leo.

Kwenye kamati ya kulitengeneza daraja niliingia kwa bahati mbaya. Huku kila Jumanne ya kwanza ya Machi wananchi hukutana kupigia kura bajeti ya mji. Nilinyanyua mkono kuuliza swali, nikaandikwa kuwa nimejitolea.

Sasa rudi kwenye chuma. Kenchi ya daraja letu ni ya mtindo wa Ithiel Town, aliyeuwekea hataza (haki ya mbunifu) mwaka 1820: mbao nyingi zinapishana mshazari kama wavu, na kila zinapokutana zimeshikwa kwa vigingi vya mwaloni. Town mwenyewe hakuhangaika sana kujenga. Inasemekana alidai dola moja kwa kila futi, na mbili kwa aliyekamatwa amejenga bila ruhusa. Mjanja yule! Ukipitisha mihimili ya chuma chini, wavu wote ule unakaa bure. Unabaki na daraja la chuma lililovalishwa kanzu. Tena ukitaka fedha za serikali kuu, kuna sheria ya 1966 ya kuhifadhi vitu vya kihistoria inayotaka kwanza ipimwe athari ya kazi yako kwa kitu chenyewe. Bwana yule hilo hakulitaja.

Tukapata mhandisi wa pili, binti mdogo, msikivu. Akasema kabla ya kuchora chochote tujue daraja limebonyea kiasi gani, na wapi. Kazi hiyo niliidaka mimi, nikajidhalilisha wiki tatu.

Kwanza nilivuta uzi toka ncha hadi ncha. Uzi wa futi mia na kumi unabonyea wenyewe kuliko daraja! Kisha nikaazima kipimo cha leza, lakini kila gari likipita sakafu inatetemeka na kile kidoti chekundu kinacheza ngoma ukutani. Ndipo nikakumbuka mafundi wa nyumbani wanavyopima msingi kwa mpira wa maji. Maji hayadanganyi: ncha mbili za mpira, usawa mmoja. Nikanunua mpira mwepesi unaoonyesha ndani, futi mia na ishirini, nikaujaza. Jirani yangu, mzee mfugaji wa ng'ombe, akaja na kiti chake kutazama.

Vipimo vya siku ya kwanza vilikuwa upuuzi. Mahali pale pale napata tofauti ya inchi mbili. Kumbe mna viputo vya hewa ndani. Ukijaza mpira, jaza taratibu toka upande mmoja, halafu uutembelee wote kwa macho. Jioni nikauacha darajani nikidhani nitaendelea kesho. Ilikuwa Novemba. Asubuhi nakuta umeganda wote, haukunjiki, hauinuki. Mzee akaunyoshea fimbo: "Naona umeshatengeneza boriti mpya." Kijiji kizima kilikuwa na habari kabla ya saa sita mchana.

Dawa niliipata kituo cha mafuta: yale maji ya bluu ya kuoshea vioo vya gari, yasiyoganda. Madumu kadhaa, pesa ya chai tu. Tena rangi yake inasomeka vizuri kuliko maji meupe. Asubuhi moja kazi ikaisha: upande mto unakotokea daraja limeshuka inchi tatu na nusu katikati, upande wa pili inchi moja tu. Maana yake ugonjwa ulikuwa wa upande mmoja.

Nikampigia mjomba Pangani, aliyeunda majahazi ujana wake wote.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbao huijui kwa kuitazama, mjomba. Igonge."

Nikapita na nyundo na msharasi, futi kwa futi. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu, iliyooza inajibu kama mkate. Kwenye ncha ya upande wa kijijini, pale mbao ndefu za chini zinapolala juu ya ukuta wa mawe wa ukingoni, msharasi ulizama hadi kwenye mpini. Na paa juu yake halivuji hata tone! Barabara inateremka kuelekea darajani. Kila mvua inaleta mchanga na chumvi ya kuyeyushia barafu, vinarundikana juu ya ncha za mbao, na unyevu haukauki mwaka mzima. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa mpango wetu hauna hata ubao mmoja. Una mtaro na koleo.

Mengine kwenye mpango yalikwenda: jeki na jukwaa la muda, kukata palipooza tu na kuunga mbao mpya, vibali vya mto. Ugomvi mkubwa ulikuwa gari la zimamoto, ambalo ni zito kuliko daraja litakavyoweza. Tulilipitisha barabara ya pili tukiwa na saa mkononi, likachelewa dakika nne, kelele zikaisha. Urefu wa malori nao usiudharau. Kule Lyndon kuna daraja ambalo malori ya mizigo huligonga kila mara, madereva wakifuata ramani za simu. Tumepanga fremu ya chuma kabla ya kuingia, ili igongwe hiyo kwanza. Na mafuriko: daraja la Bartonsville, la 1870, lilisombwa na dhoruba ya Irene Agosti 2011, na watu wakajenga jingine la mtindo uleule. Baada ya mvua za Julai 2023 hakuna aliyebisha tulipoomba kuliinua letu futi moja.

Gharama ni milioni moja ya dola na ushee, na huo ushee sitaki kuutaja. Machi kura ya fungu letu ilipita. Aliyenyanyua mkono wa kwanza ni yule mzee wa ng'ombe.

Mpira unaning'inia gereji. Mama watoto ameshauliza mara mbili kama anaweza kumwagilia nyanya zake. Nimemwambia asubiri niusuuze, maji yale ya vioo ni sumu.