Popo wa jirani na gigabaiti za Neil Young

Santuri ya Harvest, albamu ya mwanamuziki Neil Young, niliyoachiwa na marehemu baba ina mkwaruzo upande wa kwanza, wimbo wa nne, "Heart of Gold". Sindano ikifika pale inaruka, tak! na harmonika inameza pumzi moja. Baba aliinunua Kitwe, Zambia, miaka ya sabini, alipokuwa dereva wa lori kwenye njia ya Kasumbalesa. Safari ile alirudi na sabuni, mafuta ya kupikia na santuri. Mama alihesabu sabuni.

Kwa wasionifahamu: mimi ni fundi wa redio na amplifaya, kibanda changu kiko Kamalondo hapa Lubumbashi, na wateja wangu wakubwa ni makanisa. Kila Jumatatu naletewa spika iliyoungua kwa sababu mpiga kinanda alikuwa na haraka ya kufika mbinguni. Nina miaka 53. Umri huo uukumbuke, nitaurudia.

Mwezi uliopita nilijikaza nikanunua Harvest ya biti 24 na kilohezi 192, yaani faili za kidijitali ambamo sauti hupimwa mara 192,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 24. Nilisubiri saa sita za usiku, mega zinaposhuka bei, nikaanza kupakua. Albamu yenyewe ni dakika 37 tu lakini faili zake za FLAC, aina inayobana muziki bila kupoteza chochote, zilizidi gigabaiti moja. Umeme ulikatika mara mbili. Mara ya kwanza betri ya sola iliniokoa. Mara ya pili hata betri ilikuwa imelala, nikaanza upya. Jogoo wa kwanza akawika, faili ya mwisho ikaingia.

Nilianza na "The Needle and the Damage Done", ambao haukurekodiwa studio. Ulinaswa jukwaani, Royce Hall, chuo kikuu cha UCLA huko Los Angeles, Januari 1971: mtu mmoja, gitaa moja, ukumbi umenyamaza. Kwenye santuri ya baba wimbo huo umezungukwa na vumbi, unausikia kama mtu anayezungumza huku mwenzake akikaanga samaki. Kwenye faili, samaki hakuna. Nilisikia ngozi ya kidole ikiteleza juu ya waya kabla ya noti. Mwishoni watu wanaanza kupiga makofi, na makofi yanakatwa ghafla, wimbo unaofuata, "Words", unaingia. Miaka yote nilidhani kile kishindo ni kasoro ya santuri yetu. Kumbe kanda ilikatwa hivyo makusudi!

Basi siku mbili nilitembea kichwa juu, nikimwambia kila aliyepita kibandani kwamba kilohezi 192 ni jambo kubwa.

Mzee Neil Young mwenyewe amelipigania jambo hilo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Mwaka 2014 aliwachangisha watu kwenye intaneti zaidi ya dola milioni 6 ili atengeneze Pono, kichezeshi cha mfukoni chenye umbo la pembetatu, mithili ya kipande cha chokoleti ya Toblerone. Bei yake dola 399. Jaribu kukiingiza hicho kwenye mfuko wa suruali. Kufikia 2017 habari ya Pono ilikuwa imekwisha. Hakukata tamaa, alifungua hazina yake mtandaoni, Neil Young Archives, ambako kazi zake karibu zote zinasikilizwa kwa ubora huo.

Mpwa wangu anasoma elektroniki. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Yomba, popo wa jirani nao wamesikiliza?"

Nilielewa anakokwenda. CD ya kawaida huchukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kila sekunde, na sauti inayobebeka huishia nusu ya hesabu hiyo, kilohezi 22 hivi. Sikio la kijana mzima huishia 20. Langu la miaka 53, tulilipima kwa programu ya simu, liliishia 13. Faili yangu mpya inaweza kubeba hadi 96, huko ambako ni popo tu wanaitana kwenye mwembe usiku. Na zile biti 24? Zinashusha kelele ya chini kabisa ya mfumo, ni kweli, ila kanda ya sumaku ya mwaka 1971 ina mvumo wake, na mvumo huo uko juu ya sakafu ya biti 16. Biti zinazoongezwa chini yake zinautunza mvumo, basi.

Nikamwambia maneno ni rahisi, tujaribu. Akaichukua faili ileile akaishusha hadi biti 16 na kilohezi 44.1. Nikapima volti kwenye waya za spika kwa multimeta, sauti zote mbili zilingane, maana iliyopanda hata kidogo sikio huiita nzuri. Ujanja huo wauza redio wote wanaujua. Nikageukia ukuta. Yeye akirusha sarafu, akicheza moja au nyingine, mimi nikitaja. Mara ishirini. Nilipatia kumi na moja.

"Hata sarafu ingekupatia hizo, Yomba."

Nilinyamaza. Bukari ilikuwa imeiva, tukala.

Lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu kile kidole kwenye waya nilikisikia kweli, sikukiota. Kesho yake nikafukua CD yangu ya Harvest niliyoinunua zamani, nikailinganisha na faili iliyoshushwa, ile ya biti 16, volti zikiwa sawasawa. Hapo sikuhitaji hata kugeukia ukuta. Kwenye CD ngoma ya Kenny Buttrey ilikuwa sanduku la kadibodi. Kwenye faili ilikuwa ngoma, ina ngozi na ina tumbo. Mpwa wangu naye alisikia kabla sijamwonyesha kidole. Na zote mbili zina biti 16!

Tofauti basi haikuwa kwenye namba za jaladani. Ilikuwa kwa yule fundi aliyeketi na kanda. Je, alirudi kwenye kanda mama, au alipewa nakala ya nakala? Aliiacha sauti ipande na kushuka, au aliibana yote ipige kelele sawa, kama ilivyokuwa fasheni tangu miaka ya tisini? Mtu akiirudia kazi hiyo kwa uangalifu, mashine nzuri na saa nyingi, atatoa kitu kizuri, halafu duka litakiuza kikiwa na lebo ya 192, nawe utaishukuru lebo. Mimi niliishukuru siku mbili nzima, na nilikuwa nimetoa hela.

Sijutii hela. Nilichokinunua kipo, ila jina lake lilikosewa. Toleo jipya linalotoka kwenye kanda mama nitalinunua tena, hata likiwa la biti 16, na kama la 192 ndilo pekee lililosafishwa vizuri, nitachukua hilo nilishushe mwenyewe.

Hapa kwetu tuna mfano wa karibu. Mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda wa Bayeke alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Mono, vifaa vya kubebwa garini. Sikiliza "Masanga": kidole gumba kinatembea chini, vingine vinacheza juu, unaweza kuvihesabu. Hakuna kilohezi 192 pale. Kuna mtu aliyejua mahali pa kuweka maikrofoni.

(Msinitumie ujumbe kuhusu waya za spika za dola mia mbili. Natumia waya wa taa.)

Kinachonikera zaidi ya namba ni kungoja. On the Beach, albamu nyingine ya Neil Young, ilitoka 1974, CD yake haikutoka hadi 2003. Miaka 29! Baba alikuwa nayo kwenye kaseti iliyorekodiwa kutoka santuri ya rafiki wa Ndola, na kaseti ile ililiwa na redio ya gari mbele ya macho yangu. Albamu kama hiyo ikirudi sokoni, swali la kilohezi nitaliweka kando kwanza, niulize tu kama imerudi nzima.

Kwa sasa nimefuta faili kubwa kwenye kadi na kubaki na zile alizozishusha mpwa wangu. Nafasi imepatikana, On the Beach nitaipakua Jumamosi usiku. Betri nimeanza kuichaji leo.

Mama alipita jana "Heart of Gold" ikilia. Alisimama mlangoni, akasubiri, harmonika ikapita bila kuruka.

"Hiyo siyo ya baba yako," akasema, akaenda zake jikoni.