Taa Asiyoiona Dereva

Pikapu ya mjomba ilinizidi umri. Siku hiyo tulikuwa tumetoka kupeleka mbao na tulikuwa tunarudi mtupu, jua bado lipo juu. Kwenye njia panda mjomba alipunguza mwendo ampishe mtu aliyekuwa anavuka, mara nikasikia matairi yakilia nyuma yetu. Gari dogo lilisimama karibu kabisa na bampa yetu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Dereva wake akashuka, akaja dirishani kwa mjomba, sauti bado inatetemeka.

"Mzee, samahani. Taa zako za breki haziwaki. Nimekuona umesimama, sikukuona ukisimama."

Maneno hayo sijayasahau. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 hivi kila sekunde, na anayefuata nyuma, kinachomwambia mapema ni zile taa mbili nyekundu tu. Wewe mwenyewe huzioni. Unaweza kuendesha wiki nzima ukijua umewaambia watu kwamba unasimama, kumbe hujamwambia mtu yeyote.

Mjomba alimshukuru yule kijana kwa kumshika mkono, kisha tukaenda nyumbani polepole. Kila alipotaka kupunguza mwendo alitoa mkono nje ya dirisha, kiganja kikitazama chini, akaupandisha na kuushusha taratibu. Ni ishara ya zamani, na mchana bado inaeleweka. Giza likiingia haisaidii kitu, ndiyo maana hakukubali tupitie kokote.

Tulipofika hakufungua hata kisanduku cha vifaa. Alinituma nyuma ya gari. "Mjomba, kaa hapo, uniambie unachokiona." Ndivyo tulivyoitana siku zote, yeye mjomba na mimi mjomba. Akakanyaga. Hakuna kitu. Akaachia, akakanyaga tena. Hakuna kitu. Safari iliyofuata zikawaka zote mbili, zikang'aa vizuri tu, kisha zikazima mguu ukiwa bado juu ya pedali. Hapo uso wake ulibadilika. Taa iliyokufa kabisa utaigundua siku ukiikagua. Hii ya kuwaka ikipenda ingeweza kuwaka mbele ya mkaguzi na kugoma mbele ya lori.

Akapiga honi, ikalia, akasema, "Fyuzi nzima." Kwenye pikapu ile honi na taa za breki zilipata umeme kupitia fyuzi moja, kwa hiyo mlio wa honi ulikuwa umeshatujibu swali la kwanza bila kufungua kifuniko chochote. Balbu nilizitoa mimi. Kila moja ilikuwa na nyuzi mbili ndani, mmoja wa wati 5 kwa taa ya kawaida ya nyuma na mwingine wa wati 21 kwa breki. Pini zake za pembeni haziko kwenye urefu mmoja, makusudi, ili balbu isiingie kinyume. Nyuzi zote zilikuwa salama. Na hata hivyo, balbu mbili kuungua kwa wakati mmoja ni jambo adimu. Taa zote zikizima pamoja, tafuta mahali zinapokutana.

Zinapokutana ni kwenye swichi. Katika magari mengine ya zamani swichi hiyo imefungwa kwenye mfumo wa mafuta ya breki na huwashwa na presha ya mafuta. Ukiifungua huna budi kutoa hewa kwenye breki baadaye. Yetu ilikuwa chini ya dashibodi, juu ya mkono wa pedali, na kuifikia ilinibidi nilale chali sakafuni, miguu ikiwa nje ya mlango, tochi mdomoni. Nilikuta kidude cha plastiki kisichozidi kidole gumba, shingo yake ina hesi na nati mbili, nyaya mbili nyuma, na kijiti chembamba mbele. Nilidhani pedali ikikanyagwa ndiyo inakibonyeza kile kijiti. Mjomba akanionyesha kwamba ni kinyume: pedali ikiwa imepumzika ndipo inakibonyeza, na umeme umekatika. Mguu ukishuka, pedali inakiachia, springi inakisukuma nje, vyuma viwili vya ndani vinagusana na taa zinawaka.

Nilichomoa plagi ya nyaya. Umeme pale upo hata ufunguo ukiwa mfukoni, basi nilikuwa mwangalifu nisiguse bodi ya gari kwa kipande cha waya nilichoshika, maana shoti moja ingeunguza ile fyuzi nzima. Nikaunganisha matundu mawili ya plagi. Kutoka nyuma mjomba akapaza sauti, "Zimewaka! Shikilia hapo hapo!" Nikashikilia. Hazikupepesa hata mara moja. Nyaya zilikuwa nzuri, balbu nzuri, swichi ndiyo mgonjwa.

Kesho yake swichi mpya ilipatikana, ikalinganishwa na ile ya zamani kwa urefu wa shingo na hesi zake. Kuifunga si kazi. Kazi ni kuirekebisha, na hapo mjomba alitumia muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, nami nilikuwa na haraka ya kuona taa zinawaka.

Ukiizungusha swichi ikaingia ndani mno, shingo yake inazuia pedali isirudi juu kabisa. Kwa macho huoni kitu. Lakini ndani ya masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali, kuna kitundu kidogo kinachoruhusu mafuta kurudi kwenye kopo lake breki zikiachiwa. Pedali ikibaki imeshuka hata kidogo, kitundu hicho huweza kubaki kimezibwa. Mafuta yakipata moto yanatanuka na hayana pa kwenda, na breki zinaanza kushika zenyewe barabarani. Ukiiacha nje mno, pedali haikibonyezi kijiti sawasawa, taa zinawaka usiku kucha na asubuhi betri imekufa. Na tena, taa inayowaka muda wote haimwambii mtu chochote.

Alitaka taa ziwake kabla breki hazijaanza kushika, mguu ukigusa tu. Alizungusha nati nusu mzunguko, akanituma nyuma, akairudisha kidogo, akanituma tena. Aliporidhika alikaza nati ya pili ili mtikisiko usiilegeze. Kisha akainua gurudumu moja la mbele kwa jeki na kulizungusha kwa mkono baada ya kukanyaga na kuachia. Lilizunguka bila kizuizi. Akafanya hivyohivyo kwa la pili.

Kwenye mkono wa pedali, pale kijiti kinapogusa, kulikuwa na kipande cha mpira kilichokauka na kupasuka. Alikibadilisha siku hiyohiyo ingawa kilikuwa bado kinafanya kazi. Mpira huo ukimomonyoka kijiti kinaingia kwenye tundu lililobaki, na swichi hata iwe mpya inakuwa kama imeachiwa.

Ile ya zamani niliipasua kwa bisibisi. Vyuma vya ndani vilikuwa vyeusi, vimeliwa na cheche. Balbu mbili za wati 21 kwenye volti 12 huvuta ampea tatu na nusu, na umeme huo wote ulipita kwenye nukta mbili ndogo kila mjomba alipogusa breki, miaka yote ile. Nilimwambia tuweke rilei, yaani swichi ya pili inayowashwa kwa umeme, ili swichi ya pedali ibebe umeme kidogo tu. Alikataa. Alisema kitu cha ziada ni kitu cha ziada cha kuharibika. Kwa gari linalovuta trela lenye taa zake bado naona rilei inafaa, lakini kwa pikapu ile, iliyofika umri ule na swichi yake ya kawaida, alikuwa sahihi.

Jioni alirudisha gari nyuma karibu na ukuta, akakanyaga, akatazama wekundu ukutani kupitia kioo. Upande wa kushoto ulikuwa hafifu. Tukatoa holda ya balbu ya kushoto, tukakuta ethi, pale umeme unaporudia kwenye bodi ya gari, imeshika kutu. Nikaisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga upya, pande zote mbili zikalingana. Nikakusanya spana.