Namna Nilivyopata Helmeti ya Mbio za Magari Inayonitosha

Mkaguzi aliigeuza helmeti yangu juu chini, akapenyeza vidole viwili kati ya kitambaa cha ndani na povu gumu, akakivuta kitambaa kidogo ili aisome lebo iliyojificha, kisha akanirudishia. "Dada, ni helmeti nzuri, tena mpya," alisema, "lakini ni ya pikipiki. Kwenye gari la mbio huingii nayo." Nyuma yangu palikuwa na foleni ya madereva, na kaka yangu, ambaye mimi ndiye msoma ramani wake wa rali, yaani ninayeketi pembeni yake na kumsomea kona zinazokuja kutoka kwenye daftari, alikuwa anatazama pembeni kama mtu asiyenifahamu.

Nilikuwa nimeinunua Kariakoo wiki moja kabla, baada ya kuzunguka maduka karibu yote ya vifaa vya pikipiki ninayoyajua, na nilijiona mjanja kwa sababu nilijua kutafuta alama ya ECE 22.05, ambayo ni alama halali kabisa kwa helmeti ya barabarani. Sisi wa Dar es Salaam helmeti tumeijulia kwenye bodaboda. Wengi wetu hata tunaiita elementi, na tunaamini kwamba ikishakuwa ngumu na kioo chake hakijachubuka, basi inafaa popote.

Siku ile niliazimwa helmeti na msoma ramani mwingine ambaye gari lao lilikuwa limeharibika gia boksi. Ilinizidi. Katika hatua ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha mbio, ilitulia kwa sababu barabara ilikuwa laini. Katika hatua ya pili, penye makorongo, kila gari lilipotua helmeti ilishuka ikagonga fremu ya miwani yangu, miwani ikateremka puani, na mimi nikapoteza mstari niliokuwa nausoma. Kona ya kulia iliyofuata nilimtajia kaka tukiwa tayari tumo ndani yake. Aliiokoa kwa macho yake mwenyewe, tukaishia kwenye nyasi, gari likiwa zima. Jioni alininunulia chipsi mayai, akaniambia nisiketi tena ndani ya gari lake bila helmeti niliyoichagua kwa ajili ya kichwa changu.

Nilianza na swali lililonikera tangu kwenye meza ya ukaguzi: iweje helmeti inayoweza kumlinda mtu anayeanguka kwenye lami isikubaliwe ndani ya gari lenye paa, milango na mikanda? Jibu limo katika namna ajali zenyewe zinavyotokea. Mwendesha pikipiki mara nyingi hutupwa mbali na chombo chake, ilhali dereva wa mbio hubaki amefungwa ndani ya chombo hicho, na gari linapobingirika kichwa chake kinaweza kugonga bomba lilelile la keji, ile fremu ya chuma inayozunguka ndani ya gari, mara mbili au tatu, pengine huku petroli ikiwaka. Ndiyo maana Snell, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1957 baada ya dereva William Snell kufariki katika mashindano mwaka uliotangulia, huzipima helmeti za mbio za magari kwa kigezo chake cha SA, chenye jaribio la moto na jaribio la kugonga zaidi ya mara moja kwenye chuma kinachofanana na bomba la keji. Kigezo chake cha pikipiki, kinachoitwa M, hakina majaribio hayo mawili, na kile cha K, cha magari madogo ya karti, kina jaribio la bomba lakini hakina la moto. Nilifurahi kugundua kwamba mambo huwa kinyume pia: SA huruhusu uwazi wa kutazamia ulio mwembamba kuliko ule wa M, kwa hiyo zipo helmeti ghali za mbio ambazo hazifai kuvaliwa kwenye bodaboda.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIA, lina vigezo vyake. Vile nilivyokutana navyo mara kwa mara ni 8859-2015, kilichofuatiwa na 8859-2024, na cha juu zaidi, 8860-2018, ambacho ndicho cha madereva wa Formula 1. Hiki cha mwisho nilikiacha mapema, kwa kuwa bei ya helmeti zake ingetosha matairi ya msimu mzima, na kanuni za mashindano yetu, ambazo safari hii nilizisoma kabla ya kutoa hata shilingi, hazikukidai. Nilijifunza pia kutochanganya mwaka wa kigezo na mwaka wa kutengenezwa. Helmeti iliyoandikwa SA2020 inaweza kuwa imetoka kiwandani miaka miwili baadaye, na tarehe hiyo huandikwa mahali pengine, aghalabu chini ya kitambaa au kwenye mkanda wa kidevuni. Kwa kuwa Snell hubadilisha kigezo hicho kila baada ya takriban miaka mitano, yaani 2010, 2015, 2020 na 2025, mtu anayekuuzia SA2010 kwa nusu ya bei anakuuzia kitu ambacho mkaguzi yuko karibu kukikataa, kama hajaanza kukikataa.

Baada ya lebo, nikageukia kichwa. Mama mdogo, ambaye ni fundi cherehani Magomeni, ndiye aliyenipima. Alizungusha futi yake ya kushonea sentimita mbili na nusu hivi juu ya nyusi, ikapita juu ya masikio hadi pale kisogo kinapotokeza zaidi, akapima mara tatu na kuandika kipimo kikubwa kuliko vyote: sentimita 60.5. Nilimwambia sijawahi kuwa na kichwa kikubwa namna hiyo. Alinitazama, akanishika nywele, akacheka. Nilikuwa nimesuka rasta nene. Wiki mbili baadaye, nikiwa na twende kilioni iliyolala vizuri kichwani, futi ileile ilisoma 57.5. Sentimita tatu hizo ni tofauti ya saizi moja au hata mbili, na ndizo ambazo maelezo yote niliyoyasoma, yaliyoandikwa na wanaume kwa ajili ya wanaume, hayakuzitaja hata kwa neno moja. Isitoshe, nywele nyingi za bandia huyeyuka zinapopata joto kali, na sikuona maana ya kununua helmeti iliyopimwa kwa moto kisha nijaze plastiki ndani yake. Tukakubaliana kwamba kipimo changu ni kile cha twende kilioni, nikiwa nimevaa na kininja cha kitambaa cha Nomex, kinachostahimili moto, maana nacho huongeza unene kidogo.

Kipimo cha futi, hata hivyo, hukwambia mzunguko tu, hakikwambii umbo. Hilo nililijua katika gereji moja ya Chang'ombe, ambako madereva wawili waliniruhusu kujaribu helmeti zao, zote mbili za saizi ya 57 hadi 58. Ya kwanza ilinikamata kila mahali sawasawa. Ya pili ilinibana paji la uso na kuacha nafasi pembeni, juu ya masikio, kwa sababu ilikusudiwa kichwa cha mviringo kuliko changu, ambacho kimerefuka kuelekea kisogoni. Dakika tano za mwanzo niliweza kuivumilia, ila nilivyoendelea kukaa nayo nikiongea na mafundi, kufika dakika ya ishirini maumivu yalikuwa yamekusanyika katika nukta moja katikati ya paji, na nilipoivua palikuwa na alama nyekundu ya ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Katika hatua ndefu nukta hiyo ingenimaliza. Niliendelea kujaribu kwa namna mbili ambazo mafundi walinionyesha. Kwanza, nilitikisa kichwa kushoto na kulia nikitazama kama ngozi ya mashavu na ya paji inakwenda pamoja na helmeti au helmeti inateleza juu yake. Pili, mkanda ukiwa umepitishwa kwenye pete zake mbili na kukazwa, mtu mmoja alishika ukingo wa nyuma akajaribu kuikunjulia mbele. Ile niliyoazimwa siku ya mashindano, nina hakika, ingetoka mikononi mwake.

Uamuzi uliofuata ulikuwa kati ya helmeti ya uso mzima na ya uso wazi. Ya uso mzima hulinda kidevu na taya, na kwa magari yasiyo na paa hakuna mjadala. Sisi tunakimbia ndani ya Subaru Impreza yenye paa, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi, katika joto la Pwani ambalo wenyeji wa Arusha hulisikia kwenye redio tu. Juu ya hayo, ninavaa miwani. Katika helmeti ya uso mzima ililazimu niivue miwani kwanza, nivae helmeti, kisha niipenyeze miwani kwa mikono miwili huku mito ya mashavuni ikizisukuma ncha zake zisipite juu ya masikio. Nilichagua ya uso wazi, nikijua ninachokiacha. Kaka yeye alibaki na ya uso mzima, na sikuona sababu ya kumshawishi.

Msoma ramani ana haja nyingine ambayo dereva wa mbio za uwanjani hana: lazima asikike. Helmeti za rali huuzwa zikiwa na maikrofoni na vipaza sauti vya masikioni, lakini mfumo wa mawasiliano, yaani intakomu, wa kampuni ya Stilo na ule wa Peltor, kwa mfano, hutumia plagi tofauti, na bila adapta haziingiliani. Nilipiga picha amplifaya iliyomo ndani ya gari letu, nikapiga picha plagi ya kaka, nikazitunza kwenye simu kabla ya kuulizia bei yoyote.

Kisha likaja suala la shingo. Gari linaposimama ghafla, mikanda huushika mwili ila kichwa huendelea mbele, na uzito wa helmeti, ambayo mara nyingi huwa kati ya kilo moja na robo na kilo moja na nusu, huongeza mvuto huo hadi sehemu ya chini ya fuvu inaweza kuvunjika. Kifaa cha HANS, kilichobuniwa miaka ya 1980 na Profesa Robert Hubbard wa Marekani pamoja na shemeji yake Jim Downing, aliyekuwa dereva wa mbio, huketi mabegani chini ya mikanda na kukizuia kichwa kwa kamba zinazoshikwa na vishikizo viwili kwenye helmeti. Formula 1 ilikifanya cha lazima mwaka 2003. Mimi nilitaka helmeti yenye matundu ya vishikizo hivyo tangu kiwandani, kwa sababu kutoboa gamba la helmeti kwa drili ya gereji ni kuiharibu.

Lakini kazi yangu ni kuinamia daftari. Niliketi kwenye gari likiwa limeegeshwa, mikanda ikiwa imekazwa, kifaa kimefungwa, nikaweka daftari mapajani kama nilivyozoea, na kamba zikanikatalia kabla macho hayajaufikia mstari wa chini. Nilidhani nimenunua kifaa kibaya. Kumbe ilikuwa lazima nibadilike mimi: sasa ninalishika daftari juu zaidi, karibu na kifua, viwiko vikiwa vimebanwa mbavuni, na ilinichukua jioni nne za mazoezi, gari limezimwa, kaka akisoma gazeti kwenye usukani, kabla mkono haujazoea.

Ununuzi wenyewe sitaurefusha. Duka moja la mtandaoni lilinipa bei iliyonivutia mno, nikaomba picha ya lebo ya ndani, na picha iliyokuja ilikuwa ya stika iliyojikunja pembe, isiyo na namba ya mfululizo, ikiwa imebandikwa juu ya kitambaa badala ya chini yake. Niliachana nalo. Mwishowe shemeji yangu anayefuata bidhaa Dubai aliniletea ile ya umbo lililonikaa kule Chang'ombe, yenye lebo mbili, FIA 8859-2015 na Snell SA2020. Pamoja na intakomu na kodi ilinigharimu zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, na niliilipa kwa miezi mitano.

Kaka alitaka tuipeleke kwa mpaka rangi wa magari Kinondoni ipate rangi za bendera. Nilikataa, kwa sababu kemikali za rangi na thina zinaweza kulidhoofisha gamba na povu bila kuacha alama ya nje, na kwa sababu nyeupe haipokei jua kama rangi nyingine. Ninaifuta kwa maji na sabuni laini, kamwe si kwa petroli kama mafundi wanavyofuta kila kitu. Haikai kwenye buti la gari. Baada ya mashindano mito yake hukauka kivulini, mbele ya feni, maana kwa unyevu wa mji huu ukiifunga mbichi kwenye mfuko, kesho yake utaijua kwa harufu kabla hujaiona. Ikigongwa kwa nguvu itaondoka, hata kama haina ufa, kwa kuwa povu la ndani hufanya kazi yake kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi.

Katika ukaguzi uliofuata mkaguzi alikuwa yuleyule. Alipenyeza vidole vyake viwili, akasoma, akavuta vishikizo, akabandika stika yake ndogo na kunirudishia bila maneno. Siku mbili kabla ya kila mashindano sasa humpigia simu msusi wangu wa Mwananyamala, naye haulizi tena mtindo. Huuliza tu tunakimbia wapi.