Kitabu cha Zuu kilichoanzia mwisho

Mwaka 2006 ndo ule mwaka wa mgao mkubwa, mvua ziligoma, bwawa la Mtera maji yameshuka mno, umeme nchi nzima unakuja kwa zamu, na sie kwetu Ngamiani pale Tanga zamu ya giza mara nyingi ilikuwa inaangukia jioni, saa ambayo watu wanataka kula na watoto wanataka kumalizia homuweki. Mi nilikuwa nafanya kazi Dar, nikaja nyumbani likizo, basi limepita Chalinze, limepita Segera, nimefika mgongo wote unauma, na kwenye begi zawadi ya maana ilikuwa moja tu, kitabu cha picha cha mtoto wa dada yangu. Huyu mtoto tumwite Zuu. Alikuwa darasa la kwanza, ndo kwanza anaunga silabi, ba be bi bo bu, na kila kibao cha duka lazima asimame asome mpaka unachelewa huko unakokwenda.

Kitabu chenyewe chembamba, kimebanwa kwa pini mbili katikati, picha za rangi ukurasa mzima na chini mstari mmoja au miwili ya maneno makubwa makubwa. Watoto wa sasa hawawezi kushangaa kitu kama hicho, lakini sisi tuliosoma miaka ya themanini kitabu cha kiada tulikuwa tunabanana kundi zima kwenye nakala moja, picha nyeusi na nyeupe, na habari ya kuwa na kitabu cha hadithi cha kwako mwenyewe, ukilala kipo chini ya mto, haikuwepo. Ule Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza 1991, ukawa unawashika mkono wachapishaji wa hapa hapa watoe vitabu vya watoto kwa Kiswahili, nakala nyingine zinakwenda shuleni, na mi naamini kama si hivyo wachoraji wetu wengi wangeishia kuandika vibao vya saluni. Haya, tuendelee.

Hadithi yake kila mtu anaijua, ile ya punda, mbuzi na mbwa waliopanda basi. Punda akalipa nauli yake kamili, mbuzi akashuka akatimua mbio bila kulipa, mbwa akatoa noti kubwa na gari likaondoka na chenji yake, ndo maana mpaka leo punda akiwa barabarani hababaiki na gari, mbuzi akilisikia anakimbia, na mbwa anayafukuza magari anadai hela yake. Maneno yalikuwa machache, kazi yote kaifanya mchoraji. Huyo konda alivyomchora! Kofia imegeuzwa nyuma, noti zimekunjwa katikati ya vidole, mguu mmoja ndani mwingine unaning'inia nje.

Sasa mama yangu, yaani bibi yake Zuu, nimwelezee kidogo maana bila hivyo hamtaelewa kilichotokea. Mama alisoma chuoni, sio chuo kikuu, chuoni kwa maalimu, akahitimu msahafu, na Kiswahili anakiandika vizuri kabisa ila kwa herufi za Kiarabu. Barua za dada yake aliyeolewa Pemba zote zilikuwa hivyo, na majibu yake hivyo hivyo. Herufi hizi za kizungu hakuwahi kuzigusa. Mwaka 1970, ule ulioitwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kuna mtu alipita nyumba kwa nyumba na daftari, akamuuliza mawili matatu kisha akamwandika kuwa hajui kusoma. Weee! Mama alikasirika hasira ambayo mpaka nakua mimi bado ilikuwa ya moto. "Mie nshahitimu msahafu sijavunja hata ungo, leo aje mtu na kalamu yake masikioni anambie sijui kusoma?" Kisomo hakwenda hata siku moja. Na kwa kweli mi nilikuwa namwona ana haki, maana watu wa mwambao wameandika Kiswahili kwa herufi hizo karne na karne, hata Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa huku huku Tanga, utenzi wake wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, aliuandika kwa herufi hizo, na hakuna anayethubutu kusema yule hakujua kusoma.

Basi jioni hiyo umeme umekatika kama kawaida. Dada yupo uani anakaanga samaki, mama kakaa mkekani anasuka ukili, chemli ipo katikati, mi nimejinyoosha nimeegemea ukuta. Zuu kishanisomea kitabu chake mpaka nimekikariri, pu-nda a-ka-li-pa na-u-li, kidole kinatembea chini ya maneno. Mi nikachoka nikamwambia mpelekee bibi akusomee na yeye. Nilisema tu ili nipumzike, wallahi, sikufikiria zaidi ya hapo.

Mama akaweka ukili pembeni, akajifuta mikono kwenye kanga, akakipokea kitabu akakilaza mapajani, na akakifungua anavyofungua kitabu siku zote, kuanzia kulia. Maana yake ukurasa wa mwisho kwake ndo wa kwanza. Mi niliona. Nikanyamaza, nataka kuona litatokea nini.

"Hapo zamani za kale," mama akaanza, "palikuwa na gari lina haraka, likamwacha mbwa stendi. Mbwa maskini akalikimbilia, simama! simama! Mbuzi kaingia porini kwenda kuita watu. Punda ndiye mwenye akili, huyu hapa, kajisimamia katikati ya barabara, akasema halipiti gari hapa mpaka mwenzangu apande."

Zuu akamkodolea macho. Mi nikakaa kitako vizuri.

Akafunua. Ukurasa ule mbwa anatoa noti na konda mkono wake upo kwenye hiyo hiyo noti. "Konda kaona haya, akamrudishia mbwa hela yake, akamwambia chukua bwana, uniwie radhi." Akafunua tena, mbuzi anakimbia na konda kainua mkono mlangoni. "Konda huyo anamwita mbuzi, weee mbuzi, rudi, wakimbia nini, mbona hudaiwi!" Punda naye akarudishiwa nauli. Wote watatu wakakaa kwenye viti bure, gari likawashusha stendi likaondoka na vumbi lake, na picha ya mwisho, ambayo ndo ya kwanza, wapo mlangoni kwao na vikapu vyao. "Wakafika kwao salama, na sokoni wamenunua vitu tele. Hadithi yangu imeishia hapo."

Sikuamini. Ilikaa sawa yote! Yaani hakuna picha hata moja aliyoilazimisha, na huyo mchoraji sijui kama alijua kwamba kachora hadithi mbili.

Zuu sasa. "Bibi umesoma nyuma mbele!"

"Nyuma mbele kwa nani? Mie ndo nisomavyo."

"Hapana bibi, hapa imeandikwa, mbu-zi a-ka-ki-mbi-a. Hakuitwa. Alikimbia hajalipa."

"Hayo maneno yako chini, mke mwenzangu. Mie nimesoma picha." (Mama alikuwa anamtania hivyo siku zote, mke mwenza, na Zuu naye alikuwa anajibu kwamba babu kamchagua yeye, ila siku hiyo hakuwa na nafasi ya utani.)

Wakaanza kubishana. Chemli ikasogezwa, utambi ukapandishwa, vichwa viwili vimeinama juu ya mkono wa konda. Zuu anasema hiyo ni ngumi, konda kakasirika. Mama anasema ngumi gani yenye vidole vinaonekana, huyo anapunga. Zuu akahesabu vidole, vinne vinaonekana, akanyamaza kidogo, kisha akasema lakini mdomo wake angalia bibi, umeenda chini. Mama akasogeza macho. "Huo ni mdomo wa mtu aliyechoka. Na wewe upande mlangoni mwa gari kutwa nzima tuone utacheka." Mi pale nilipo mbavu sina.

Halafu mama akatoa hoja yake ya vikapu, na hii aliitoa kwa maringo, akijua kamaliza kesi. Akamwonyesha ile picha ya mlangoni, vikapu vimejaa mihogo na ndizi mpaka vinamwagika. "Mwasema hapa ndo wanaondoka nyumbani kwenda mjini. Mtu anayekwenda sokoni hubeba kikapu kitupu, akirudi ndo kimejaa. Sasa hawa wanakwenda au wanarudi?"

Zuu kimya. Akaniangalia mi nimsaidie, mi nikatazama darini. Akarudi kwenye picha, akaifunua ile ya ndani ya basi, akatafuta vikapu, akaviona chini ya kiti, bado vimejaa. Akafunua ya barabarani, vikapu havipo kabisa. Ule uso wake wakati anakipata nauona mpaka leo.

"Bibi, wanakwenda kuuza! Mwanzo vimejaa, mwisho havipo, wameuza!"

Mama alicheka mpaka ukili ukamwangukia kwenye chemli tukaukimbilia kuuokoa. Dada huko uani anauliza kuna nini, hakuna anayemjibu. Mi nilikuwa nimekisoma kitabu hicho na mtoto huyo jioni nzima na vikapu sikuwahi kuviangalia, macho yote yapo kwenye maneno, nasahihisha tu silabi.

Zuu kumshinda bibi hakukumfanya aitupe hadithi ya bibi, hapo ndo aliponishangaza. Alikwenda kuchukua kalamu ya wino, akasema bibi iandike na ya kwako, la sivyo itapotea. Kitabu kipya kabisa, mi moyo ukashtuka kidogo, lakini kitabu ni chake. Mama akaandika pole pole, juu ya kila picha, kuanzia kulia, mistari midogo iliyonyooka utadhani karatasi ina mistari. Zuu anataka aonyeshwe punda yuko wapi, anaonyeshwa, anataka konda yuko wapi, anaonyeshwa. Tulikula samaki wamepoa.

Mi nikarudi Dar. Baada ya muda dada akanipigia simu anacheka hawezi hata kuongea. Zuu alikipeleka kitabu shule kuwaonyesha wenzake, mwalimu wake, mtu wa bara, mgeni Tanga, kakiona kimeandikwa Kiarabu juu ya mbwa na mbuzi, kaingiwa wasiwasi, kamwita mzazi. Dada kafika ofisini kakuta kitabu kipo peke yake juu ya meza, hakuna anayekisogelea, na mwalimu anamuuliza kwa upole kama mtoto ana tatizo lolote nyumbani, maana haya maandishi wao wanaona yana mambo ya waganga.

Dada akamwambia hapana mwalimu, hiyo ni hadithi tu, kaiandika bibi yake, inahusu konda aliyemrudishia mbwa chenji yake.

Mwalimu akakivuta kitabu taratibu, akakigeuza huku na huku, akauliza, "Konda wa gari la wapi?"